Swali la Wapagazi

Kila asubuhi Wacera alifanya mambo matatu kabla ya kwenda shule. Alichota maji, akapiga viatu rangi, kisha akawamwagia kuku uji wake huku mama akiwa zizini anakama. Kuku wale walikuwa wamenona. Wacera alikuwa amekonda.

Alikuwa Gredi ya Tisa katika shule moja ya Naro Moru, na mtihani wa kitaifa ulikuwa umebakiza siku tatu. Baba yake, Mutahi, alikuwa mpagazi. Aliwabebea mizigo wageni waliopanda Mlima Kenya. Huko mlimani alikuwa amewaambia wenzake wote kwamba binti yake atakuwa daktari, na hata nyumbani hakumwita jina lingine. "Daktari amesoma? Daktari amepumzika?" Kila alipoitwa hivyo, Wacera alipoteza hamu ya kula.

Ijumaa hiyo Mwalimu Theuri aliwapa zoezi la mwisho la Hisabati. Wacera alisoma swali la kwanza. Akalisoma tena. Moyo ulimwenda mbio, na mambo aliyoyajua tangu Gredi ya Nne yakamtoka yote. Alipoikabidhi karatasi, ilikuwa na jina lake tu.

"Wacera, uko mgonjwa?" mwalimu aliuliza.

"Niko sawa, Mwalimu."

"Sawa gani na hujaandika kitu?" Mwalimu alimtazama kwa huruma, kisha akachukua simu. "Baba yako anashuka leo kutoka mlimani. Nitamwambia apitie hapa."

Mutahi alifika saa kumi jioni, buti zikiwa zimejaa matope. Aliipokea ile karatasi kutoka kwa mwalimu, akaigeuza pande zote mbili. Wacera alingoja kufokewa. Waliondoka pamoja, na walipokaribia nyumbani baba akaketi juu ya gogo kando ya njia.

"Kichwa?" akauliza.

"Kichwa gani, Baba?"

"Huko juu tunaulizana hivyo kila tukipumzika, kwa sababu hewa ni kidogo na kichwa huuma kabla mtu hajaanguka. Ukisema kinauma, unapewa maji, unapumzika, mnaendelea polepole. Lakini kuna mmoja aliulizwa mara tatu, akajibu ati yuko sawa. Aliogopa wenzake watamwona mnyonge. Alianguka, ikabidi ashushwe kwa machela."

"Nani huyo?"

"Ni mimi. Ulikuwa mtoto mdogo. Hapa nyumbani mama yako peke yake ndiye anayejua."

Wacera aliangua kilio. Akasema yote: uji, kuku, moyo kwenda mbio. "Na hilo jina la daktari, Baba. Nikianguka mtihani, utaniita nani?"

Mutahi aliinamisha kichwa. Aliona aibu. "Mzigo huo nilikubebesha mimi," akasema. "Nitautua mimi."

Jumamosi Mwalimu Theuri, baada ya kuelezwa yote, alimwonyesha Wacera jinsi ya kuvuta pumzi na kuitoa taratibu, na jinsi ya kuanza na swali analolijua. Jumatatu asubuhi Wacera alikunywa uji mbele ya mama, kuku wakimkodolea macho mlangoni.

Karatasi ilipofunguliwa, moyo ulianza tena mbio zake. Wacera alijiuliza kimoyomoyo, "Kichwa?" Akajijibu kweli: kinauma. Aliweka kalamu chini. Akapumua mara moja, mara mbili, mara tatu. Akaliruka swali la kwanza, la pili na la tatu. La nne alilijua. La tano pia. Baadaye akarudi nyuma, na lile la kwanza halikuwa gumu hata kidogo.

Baba alikuwa akimsubiri langoni.

"Kichwa?"

"Kiliuma mwanzoni, nikapumzika. Lakini swali la mwisho limenishinda."

"Umefanya vizuri kuniambia," Mutahi alisema, akimpokea mkoba. "Mitihani mingine itakuja, na uoga pia utakuja. Kuogopa si aibu. Kinachomwangusha mtu ni kuficha. Ukisema mapema, utapata wa kukusaidia. Haya, Wacera, twende nyumbani."

Wacera alitabasamu. Baba alikuwa amemwita kwa jina lake.