Mlango wa Nyumba ya Eda

Kila asubuhi Bi Mwanapili aliuinua mlango wake kabla ya kuufungua. Aliushika kwa mikono miwili, akausukuma kwa bega, kisha akauvuta. Mlango ulikwaruza sakafu kwa sauti kavu ndefu. Majirani wakiisikia walijua kuwa kwa Mzee Nyange kumekucha.

Zamani mwenye sauti hiyo alikuwa Nyange mwenyewe. Alitoka alfajiri kwenda msikitini, mlango ukakwaruza. Alirudi, ukakwaruza tena, na mkewe aliyekuwa jikoni akajua kuwa huu ndio wakati wa kumimina chai. Sasa Nyange yuko makaburini. Mwanapili yumo ndani ya eda ya kufiwa na mume. Hajipambi, hajitii manukato, hatoki ila kwa dharura, wala hataki kuonwa na mwanamume asiye maharimu wake, anayeweza kumwoa. Alikuwa amenuia jambo moja tu: kuimaliza eda katika nyumba hiyo ya Pujini ambayo mumewe aliijenga kwa mikono yake na akafia humo.

Binti yao Nadhira aliacha kazi ya kuuza dukani Chake Chake, akarudi kukaa na mama yake. Walipika kidogo, walizungumza kidogo. Masika yalikuwa yamekaza, na mvua ilipiga mabati mchana kutwa. Dirisha la chumbani lilikuwa limevimba, halifungiki, na godoro lilikuwa na unyevu upande wa ukutani. Mlango wa mbele ulizidi kuinama. Nadhira aliwahi kusema kuwa inafaa aitwe fundi. Mama yake akamjibu kuwa nyumba ya msiba haigongwi nyundo. Wangojee eda iishe.

Lakini mbao iliyooza haimngojei mtu.

Alasiri moja upepo ulikuja na mvua. Mwanapili alikuwa sebuleni, kichwa wazi, anachana nywele. Bawaba ya chini iling'oka pamoja na kipande cha mwimo, ule mti wa kando unaoushika mlango, na mlango ukalala upande kama mtu aliyepigwa. Barabarani walikuwa wakipita wanaume watatu wakitoka shamba. Wawili hawakuona kitu. Wa tatu aliona, akageuza uso haraka kwa heshima. Heshima hiyo ndiyo iliyomchoma Mwanapili zaidi. Alikimbilia chumbani, akakaa juu ya godoro bichi, akalia hadi magharibi.

Habari zilifika Mtambile kwa kaka yake, Mzee Shaame. Siku ya pili alikuja. Hakuja kugomba. Alikaa juu ya mkeka, akautazama ule mlango uliozuiwa kwa jiwe la kusagia.

"Mwanapili," alisema, "mke aliye edani hakai nyumba isiyo mlango. Hata dini haikulazimishi kukaa mahali pa hatari."

"Mume wangu kafa humu, kaka. Mie nataka nimalizie humu."

"Najua. Basi Ijumaa n'takuja na gari. Ama nikute mlango unafunga, ama unanifuata Mtambile."

Nadhira akasema ataitwa fundi Abrahman. Mjomba wake akamtazama kwa huruma. "Abrahman ni mwanamume, mwanangu. Akishaung'oa mlango, nyumba itakuwa uwanja, na mama yako yumo ndani. Kutwa nzima utamficha wapi?"

Shaame aliondoka huku akijifuta macho kwa kanzu.

Nadhira hakuyalalia maneno hayo. Asubuhi alitafuta nyundo ya baba yake na misumari ya zamani. Aliirudisha bawaba mahali pake, akapigilia msumari mnene katika tundu lilelile. Haukushika. Alipigilia mwingine, mbao ikapasuka. Chini ya mlango palikuwa na kipande cha bati ambacho Nyange alikipigilia miaka iliyopita kufunika sehemu iliyoliwa. Nadhira akaongeza bati jingine juu yake. Kisha akapaka rangi ya kijani juu ya mbao iliyorowa, ili mjomba akija aone kuwa kazi imefanyika.

Kesho yake rangi ilikuwa imefura malengelenge kama ngozi iliyoungua. Alipouvuta mlango, bawaba ilitoka tena na kumwachia mkononi unga wa mbao.

Chumbani, Mwanapili alikuwa anakunja nguo zake na kuzipanga katika kikapu. Alizipanga polepole. Juu yake aliweka kofia ya Nyange.

Nadhira aliiona kofia ile, akatoka. Alikwenda moja kwa moja kwa Severina.

Severina ni mke wa mwalimu Paskali, watu wa bara waliohamia Pujini kwa kazi ya ualimu ya mume. Yeye mwenyewe ni seremala. Alisoma chuo cha ufundi, na nyuma ya nyumba yake ana kibanda cha kutengenezea vitanda na milango. Siku ya msiba wa Nyange alikuja na sukari, akakaa mkekani na wanawake wenziwe mpaka jioni. Mwanapili hakuwa na neno baya juu yake. Hata hivyo, alipomwona anaingia na mfuko wa zana, alishindwa kujizuia.

"Mwanamke na randa, Severina?"

"Randa haijaniuliza bado, Bi Mwanapili," alijibu Severina, akavua viatu.

Mwanapili alicheka kidogo. Ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba, na alijishangaa.

Kwanza Severina alimwomba Nadhira shuka nene, wakalitundika kwa nje kuziba uwazi wa mlango. Sasa hata mlango ukitoka, mtu wa barabarani haoni ndani. Jambo dogo hilo lilikuwa limewashinda kwa sababu kila mtu alimfikiria fundi mwanamume.

Kisha alitoa bisibisi. Hakuanza kupigilia chochote. Aliuchoma mlango kwa ncha ya bisibisi, hapa na pale, toka juu kushuka chini. Juu ncha iligota. Katikati iligota. Karibu na sakafu ilizama kama imeingia kwenye boga lililopikwa.

"Hivi ndivyo mbao inavyopimwa," alimwambia Nadhira. "Usiitazame rangi. Ichome. Panapogota ni pazima, na panapozama pamekufa. Msumari haushiki mahali palipokufa, hata uwe mrefu vipi."

Akayabandua yale mabati mawili. Nyuma yake mbao ilikuwa nyeusi, imerowa, inanuka uvundo. Vijia vya udongo vilipanda kutoka sakafuni kuingia ndani ya mwimo. Mchwa weupe walitawanyika kwenye mwanga.

Nadhira alishtuka, akasema yeye na baba yake walidhani bati linaikinga mbao. Severina akamweleza kuwa bati likipigiliwa juu ya mbao chafu hufungia maji ndani. Mbao haipati hewa, haikauki, na mchwa hupenda mahali pa giza na unyevu. Rangi juu ya mbao bichi ni vivyo hivyo. Inaficha tu, kama mtu anayevaa nguo mpya juu ya kidonda.

Alipiga magoti, akapapasa kizingiti. Mvua ilikuwa ikitoka upande wa pili wa nyumba, na mlango huu ulikingwa na ukumbi mzuri wa nje. Lakini pale chini palikuwa na maji. Kando ya mwimo, kwa ndani, palikuwa na kibao cha kukalia, birika, na kata ya kuchotea maji.

"Nani hutawadha hapa?" aliuliza.

Nadhira alimtazama mama yake.

Mwanapili alisimama. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Marehemu ndiye aliyetawadha hapo, tangu tuhamie humu. Nami natawadha hapo hapo. Usije ukaniambia kuwa udhu wa mume wangu ndio uliouozesha mlango."

Severina hakuinuka. Aliiweka bisibisi chini.

"Sisemi udhu, mama. Nasema maji. Mti haujui haya ni ya udhu na haya ni ya sufuria. Yakiuingia mguuni mara tano kwa siku, miaka na miaka, utaoza. Na nikiuunga leo mkaendelea kumwaga hapa, ataniita tena Nadhira kabla masika mengine hayajapita."

Nje kuku walijikunyata ukumbini. Mwanapili aliitazama ile birika. Tangu siku ya mazishi hakuna aliyeisogeza. Yeye mwenyewe alipotawadha aliirudisha palepale, mkono wake wa kushikia ukielekea ndani, jinsi Nyange alivyokuwa akiiacha. Kuiondoa hapo ilikuwa ni kama kumtoa mumewe mlangoni kwa mara ya pili.

Alikaa. Akasimama tena. Alikitazama kikapu cha nguo chenye kofia juu yake. Kisha akajifunika buibui, akasogea nyuma ya shuka, akaichukua birika kwa mkono mmoja na kibao kwa mkono mwingine. Alipita mlango wa uani, akaviweka juu ya jiwe pana lililoko penye migomba, mahali ambapo maji yakimwagika hukimbilia shimoni.

"Haya," alisema aliporudi. "Fanya kazi yako."

Severina alifanya. Aliutoa mlango mzima akaulaza juu ya vibao viwili. Alikata sehemu yote iliyooza, akaendelea kukata mpaka akafikia mbao nzima, kavu, yenye harufu ya mbao. Aliwaonya wasione uchungu wa kukata. Kipande kibovu kikiachwa humo, kitakiambukiza na kile kipya. Mwimo nao aliukata chini, kwa msumeno ulioinamishwa, ili maji yakishuka kwenye kiungo yaelekee nje badala ya kutuama. Darini palikuwa na kipande cha mbao ya mvule ambacho Nyange alikihifadhi. Nyange alikuwa akichagua mbao zake mwenyewe, na hiki kilikuwa kikavu. Severina alikipaka dawa ya mchwa, akakiunga kwa gundi na skrubu. Pale kinapokutana na sakafu aliweka kipande cha nailoni nene, ili mbao isinywe unyevu wa saruji. Vile vijia vya udongo walivikwangua, wakanyunyiza dawa ukutani hadi nje.

Matundu ya zamani ya bawaba aliyajaza vijiti vya mbao vilivyopakwa gundi, akasubiri vikauke, akaingiza skrubu ndefu zisizoshika kutu. Alieleza kuwa hewa ya visiwani ina chumvi, na skrubu dhaifu hulika hapa upesi kuliko bara. Mwisho aliugeuza mlango, akapaka rangi upande wa chini, ule unaotazama sakafu.

"Nani atapaona hapo?" Nadhira aliuliza.

"Maji yatapaona."

Hapo ndipo tunapokosea wengi wetu. Tunapaka panapotazamwa na wageni, tunaacha wazi panapokunywa maji, kisha nyumba ikianguka tunasema ni kadari. Kadari haikukataza kuchukua brashi.

Dirisha la chumbani Severina hakuliranda kulipunguza. Mbao iliyorowa huvimba, aliwaambia. Ikirandwa sasa, jua likija itanywea na kuacha mwanya. Alilifunga kwa turubai kwa nje, akaahidi kurudi kulitengeneza mvua zitakapokatika. Akamwachia Nadhira kazi nyepesi ya kila mwaka. Kabla ya masika, achome mbao zote chini kwa bisibisi, atie bawaba mafuta, akaze skrubu zilizolegea, akwangue kijia chochote cha udongo, na apake rangi palipobanduka wakati mbao ni kavu.

Walipourudisha mlango, Severina aliusukuma kwa kidole kimoja. Ulikwenda, ukaingia mahali pake, ukatulia. Haukutoa hata mlio.

Mwanapili aliufungua. Akaufunga. Akaufungua tena.

"Haulii tena," alisema.

"Ulikuwa unalia kwa sababu umeinama," Severina alijibu. "Sasa umesimama."

Mwanapili alitikisa kichwa, akaingia chumbani. Severina alifungasha zana. Alikuwa ameelewa kuwa amesema jambo la kweli mahali ambapo hapakuhitaji maneno.

Ijumaa Mzee Shaame alikuja na gari. Mvua ilikuwa inanyesha. Aliusukuma mlango kwa bega kama alivyozoea, bega likagota. Alisimama nje kwenye ukumbi, kanzu inachuruzika, akalazimika kupiga hodi. Ndani komeo lilivutwa. Nadhira alimfungulia.

Aliupima mlango. Aliuchoma kwa ncha ya ufunguo wa gari pale chini, baada ya Nadhira kumwonyesha, na ufunguo ukagota. Alishika mwimo, akautikisa, nao haukutikisika. Kisha alikwenda penye migomba kutawadha kwa ajili ya Ijumaa. Alipoitambua birika ya shemeji yake, alikaa juu ya kile kibao muda mrefu kuliko udhu unavyohitaji.

Hakusema tena habari za Mtambile. Alipoaga, dada yake alimwambia kutoka chumbani, "Nisalimie wifi. Mwambie mie ni mkaaji."

Gari likaondoka tupu.

Mwanapili alikifungua kikapu, akazirudisha nguo kabatini. Godoro lilikuwa limekauka, na kofia aliitundika msumarini. Alikuja sebuleni. Pale mlango ulipokuwa ukipita, sakafu ilikuwa na mfuo mrefu uliopinda, uliochimbwa na mbao alfajiri baada ya alfajiri. Nadhira alikuwa ameinama juu yake na bakuli la saruji. Severina ndiye aliyemshauri azibe, maji yasituame.

"Huo uache, mwanangu," Mwanapili alisema.

"Utaingia maji, mama."

"N'taupangusa mwenyewe, kila siku."

Alfajiri iliyofuata alitoka kwa mlango wa uani, akatawadha penye migomba, akarudi. Mlango wa mbele ulikuwa umefungwa na nyumba ilikuwa kavu. Akachukua kitambaa, akapiga magoti, akaupangusa ule mfuo toka mwanzo wake hadi mwisho wake. Kisha akainuka akamimina chai, kikombe kimoja.