Ufunguo Uko kwa Nani

Jioni ile nilitumwa kumchukua mdogo wangu hospitali. Alikuwa amejifungua kwa upasuaji, madaktari wamemruhusu, na mumewe yuko safarini. Mimi ni msusi. Nilimwacha mteja na nusu kichwa, amenuna mpaka shavu limevimba, nikamwambia ajifunge kitambaa, nitammalizia kesho.

Mjomba akanipa gari lake. Ni gari la zamani, limezeeka likiwa na kiburi chake. Mlango wa nyuma unafunguliwa kwa nje tu, redio inaongea ikitaka, na feni ya kupoza injini ndiyo mgonjwa wa kudumu. Ile sensa ya kuiwasha feni injini ikipata moto ilishakufa, kwa hiyo feni iliungwa kwenye swichi ndogo chini ya usukani. Gari likienda mbio, upepo wa njiani unatosha. Ukiingia kwenye foleni, unabonyeza mwenyewe. Ukisahau, umechemsha injini.

"Mama, usisahau swichi," Mjomba aliniambia akinipa ufunguo. Aliniita mama kwa sababu nimefanana na mama yake, sura na mdomo. Hakuwahi kuniita vingine tangu nizaliwe.

Gereji ya Mjomba iko hapohapo uani kwetu, na ina sheria moja isiyo na msamaha. Anayeingiza mkono kwenye injini ndiye anayekaa na ufunguo. Fundi hainami kabla hajauliza kwa sauti, "Ufunguo uko kwa nani?" Aliye nao anajibu, kisha anamtilia mkononi. Wateja wengine huona ni mbwembwe. Sisi tulikua tukiicheza kwenye michezo yetu ya kitoto, mwingine akiinamia sufuria kama injini.

Sheria hiyo ilikuja baada ya kifo cha Taratibu. Huyo alikuwa mwenzake Mjomba hapo gereji, na jina alipewa kwa sababu alikuwa akinong'ona hata akigombana. Gari hili lilikuwa lake. Siku moja feni iliwaka mkono wake ukiwa ndani. Ilikamata nguo kwanza, kisha ikauvuta mkono, na akafa njiani akipelekwa hospitali. Mjomba alitueleza kwamba feni za umeme ndivyo zilivyo, injini ikiwa moto zinaweza kuwaka zenyewe hata gari likiwa limezimwa. Ni kweli, muulize fundi yeyote. Tulimwamini.

Basi, nikamchukua mdogo wangu. Nilimlaza kiti cha nyuma na mto chini ya mshono, kichanga kifuani kwake, kimelala fofofo. Tukatoka. Hatukufika mbali tukaikuta foleni, magari yamebanana, jua limeshazama na taa za nyuma zimewaka nyekundu barabara nzima.

Nikabonyeza swichi.

Kimya.

Nikabonyeza tena. Feni ile huwa inanguruma mpaka unaisikia kwenye magoti, lakini hakukuwa na kitu. Mshale wa joto ukaanza kupanda, nami nikawa natazama mshale kuliko barabara. Nikaona uchochoro kando ya ukuta mrefu wa mabohari, nikakata kona nikidhani nitakwepa foleni. Mshale ukagusa nyekundu. Harufu ikaingia kwanza, ile harufu ya maji ya rejeta yakiungua, tamu kama sukari kwenye moto. Kisha mvuke ukafunika kioo chote.

Nikazima. Simu ya Mjomba ikaita bila kupokelewa. Mabohari yalikuwa yamefungwa na hapakuwa na taa hata moja.

"Dada, kuna nini?" mdogo wangu akauliza. Nikamwambia gari limechoka kama wewe, lipumzike kidogo. Nilitania, lakini niliijua hali yake. Hawezi kutembea hatua kumi na ule mshono. Mtoto ana siku nne duniani. Nilichotaka ni kimoja tu, kuwafikisha nyumbani wote wawili wazima.

Nikashuka na ufunguo mkononi. Nikafungua boneti nikisimama mbali. Kifuniko cha rejeta sikukigusa. Nimeona mtu aliyekifungua kingali na moto, ngozi ya uso wake sitaisahau.

Nilipoinua kichwa, mtu alikuwa amesimama upande wa pili wa injini.

Sikusikia hatua. Alivaa ovaroli ya fundi, na mkono wa kulia wa nguo ulikuwa mrefu, umepita vidole. Uso ulikuwa ndani ya mvuke. Nilichokisikia wazi ni harufu yake. Mpira ulioungua... na utamu uleule wa rejeta.

"Ufunguo uko kwa nani?" akanong'ona.

Nitasema kweli, nilifurahi. Nani mwingine anauliza hivyo kama si fundi wa gereji yetu? Nilidhani Mjomba ameona simu akamtuma mtu. Nikajibu upesi kwamba uko kwangu.

Akanyoosha mkono wa kushoto. "Nipe, bibie. Mkono hauingii bila ufunguo."

Nikanyoosha wangu. Hapo ndipo nikakumbuka kwamba sikumweleza Mjomba wala mtu yeyote tuko wapi. Na ndani ya gari lile kulikuwa na mdogo wangu asiyeweza kukimbia, nyuma ya mlango usiofunguka kwa ndani. Nikaurudisha ufunguo kifuani, nikaukumbatia kwa mikono yote miwili.

Hakukasirika. Alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyezoea.

"Mtoto hajambo?" akauliza.

Vioo vilikuwa juu. Mtoto hakuwa amelia.

"Huo ufunguo ulipewa na nani, bibie?"

"Mjomba."

"Yuko nyumbani?"

Ningeweza kudanganya. Ningesema amesafiri, amehama, amekufa. Lakini nilimwazia yule mtoto tu.

"Yuko," nikasema.

Akainama. Akauingiza ule mkono wa kulia katikati ya mapanga ya feni, mpaka kiwiko. Na feni ikaanza kuzunguka. Khrr... khrr... kisha ikanguruma yote. Mkono wake ulikuwa mlemle ndani. Hakuutoa. Hakukuwa na damu wala kitambaa kilichochanika. Na ufunguo nilikuwa nao mimi, meno yake yananichoma kiganjani.

"Dada, umewasha?" sauti ya mdogo wangu ikatoka ndani, imejaa usingizi.

Yule mtu akafunga boneti taratibu.

"Mfikishe mtoto," akanong'ona. "Usizime mpaka mlangoni."

Sikumwona akiondoka. Niliendesha nikiwa nalia bila sauti ili mdogo wangu asijue. Mshale wa joto ulishuka mpaka chini kabisa, kama gari limetoka kulala. Feni ilinguruma njia nzima. Tulipopita chini ya taa ya barabara nikatupa jicho kwenye swichi.

Ilikuwa imezimwa.

Tulifika. Nilimshika mdogo wangu mpaka kitandani, mtoto akapewa ziwa, akanyonya kama hakuna kilichotokea. Ndipo nikaenda jikoni nikamkuta Mjomba ananawa grisi. Nikaweka ufunguo mezani, nikamsimulia yote. Nilipofika kwenye mkono mrefu wa ovaroli, maji yaliendelea kumwagika na yeye hanawi tena.

Alitaka kujua jambo moja tu. "Ulimwambia niko?"

"Nilimwambia uko, Mjomba. Niliogopa."

Akakaa kwenye kigoda. Mjomba ni mtu mkubwa, jitu la kubeba injini na msaidizi mmoja, lakini pale alionekana mdogo. Uani, feni ikawaka.

Ufunguo ulikuwa mezani mbele yetu. Akatoka mbio, akarudi amekumbatia betri ya gari, akaitua sakafuni jikoni. Tukasikiliza. Feni ilikuwa inazunguka bado. Khrr... khrr... Betri iko miguuni petu, ufunguo uko mezani, na feni inazunguka.

"Ile swichi aliiweka Taratibu mwenyewe," Mjomba akasema bila kunitazama. "Asubuhi ya siku ile. Aliiunga hivyo ili feni isiwake bila ufunguo."

Nilihitaji muda kuelewa. Kama feni haiwaki bila ufunguo, basi siku ile haikujiwasha. Kuna mtu aliuzungusha ufunguo, swichi ikiwa imewashwa, wakati mwenzake ameinama. Kwa makusudi au kwa haraka, sijui. Nilimuuliza Mjomba, ulikuwa kwa nani? Aliangalia dirisha, na dirishani, kwa sauti ya chini kabisa, swali langu likaulizwa tena kutoka nje.

"Ufunguo uko kwa nani?"

Mjomba akauchukua ufunguo. Akanishika kichwa kama alivyokuwa akinishika nikiwa mdogo, akasema, "Kaa na mtoto, mama." Nilimshika shati. Nilimwomba asiende, nikamwambia ni kosa langu, mimi ndiye niliyesema yuko nyumbani. Akavitoa vidole vyangu kimoja kimoja, akatoka.

Nilisikia boneti ikifunguliwa. Nilisikia sauti yake nzito ikisema, "Uko kwangu. Siku zote ulikuwa kwangu." Feni ikapandisha kasi mpaka vyombo vikalia kabatini.

Kisha ikasimama.

Nilisubiri kelele. Hapakuwa na kelele. Baada ya muda mlango ukafunguliwa na Mjomba akaingia, mzima, anatembea vizuri. Nikamshukuru Mungu kwa sauti. Akaketi mezani. Mkono wa kulia wa shati lake ulikuwa umeshuka, umefunika vidole. Ufunguo alikuwa ameushika kwa mkono wa kushoto.

"Bibie," akanong'ona. "Mtoto hajambo?"

Tangu jioni ile gereji inaendelea kama kawaida. Wateja wanamsifu Mjomba, eti uzee umempa upole, siku hizi hapazi sauti kabisa. Feni haijaleta shida tena. Ufunguo haumtoki mkononi, na mimi sijasikia akiniita mama. Kila nikilikumbuka neno hilo nalia, maana nilimtoa mimi ili hawa wawili wafike.

Leo mdogo wangu amenisema. Ameniuliza kwa nini kila jioni mzee akiomba kumpakata mjukuu wake nakimbilia kumbeba mimi, kana kwamba ana ugonjwa. Nilifungua mdomo nimweleze yote, tangu uchochoroni. Kisha nikasikia ule utamu wa rejeta nyuma ya shingo yangu, nikanyamaza.

"Mpe babu yake, dada," mdogo wangu akasema, akitabasamu, akitazama nyuma ya bega langu. "Ona, ameshanyoosha mkono."