Mguu wa Nane

Kaunta ya duka la spea ilikuwa imefurika watu mchana ule. Kila mmoja ameinua kifaa chake kilichokufa, na kila mmoja anaapa kwamba yeye ndiye aliyetangulia. Fundi alikuwa amebanwa pembeni, begi la zana kifuani, aliposikia sauti ya mwanaume nyuma yake.

"Samahani mzee, mna hii?"

Muuzaji, mzee mnene aliyezoeleka kwa jina la Mzee Waya, akaitazama ile chipu nyeusi iliyopasuka katikati, akaangua kicheko. "Hii? Kiwanda kiliacha kuitengeneza zamani. Nunua redio mpya, ndugu yangu, upumzike."

Watu wakacheka. Yule mwanaume hakucheka. Fundi akageuka kumtazama. Alivaa shati la bluu lililopigwa pasi mbele tu, mgongo wote makunyanzi. Huyu hana mtu wa kumtazama mgongoni, Fundi akawaza, kisha akajionea haya. Yeye mwenyewe ana miaka thelathini na tisa, na kila asubuhi hupandisha zipu ya gauni lake kwa kipande cha waya, maana chumbani kwake hakuna mkono mwingine.

"Ni ya amplifaya," akamwambia. "Imeungua au imepigwa na umeme?"

"Hata sijui. Mimi ni karani wa mahakama, dada. Ninachojua ni kwamba mama yangu amenyamaza tangu ife."

Wakatoka nje, wakasimama kwenye kivuli cha ukuta. Karani akamweleza. Mama yake haoni. Marehemu baba yake alifanya kazi mgodini, nchi ya mbali, na badala ya barua alikuwa akituma kaseti. Mama huzisikiliza kwenye mashine ile ile, deki ya kaseti na amplifaya yake, kwa sababu vidole vyake vinajua kila kitufe. Karani alishamnunulia mpya, ya kugusagusa kioo. Mama akaipapasa mara moja, akairudisha kwenye boksi.

"Nitakutafutia," Fundi akasema.

"Yule mzee kasema haipo."

"Yule mzee anauza. Mimi natafuta."

Kwa mara ya kwanza Karani akatabasamu.

Wakapeana namba, na simu zikaanza. Karani alipiga saa saba kila siku, wakati wa mapumziko ya mahakama, kuulizia chipu. Baada ya wiki alipiga kuuliza kama Fundi amekula. Baada ya wiki mbili hakuwa hata na kisingizio.

"Laazizi wangu wa lehemu, umeshindaje?"

"Nimekuwa laazizi tangu lini? Jana nilikuwa Fundi."

"Nimekupandisha cheo. Unakata rufaa?"

"Sikati. Ila nyoosha na mgongo wa shati, Karani, unaniaibisha."

Karani alicheka hadi akakohoa, na Fundi alibaki ameshika simu hata baada ya kukatika. Jioni, alipofunga kibanda na kupanda ngazi kuelekea chumbani, ukimya ulimpokea mlangoni kama kawaida. Tofauti ni kwamba sasa aliusikia.

Siku alipopata chipu kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni, yenye namba zile zile kabisa, hakusubiri. Mzee aliyemfundisha kazi alimkanya miaka mingi nyuma: chipu isiyotengenezwa tena ikionekana mpya sana, ifute juu kwa spiriti, maandishi yakitoka, ni feki. Fundi alilijua hilo. Lakini Jumamosi ile alikuwa amevaa gauni lake la kijani, amepaka wanja, na alitaka kufika kwa Karani.

Mama yake Karani alikuwa kwenye kiti chake sebuleni, khanga mabegani. "Karibu, mwanangu. Mikono yako ina harufu ya moto."

"Ni lehemu, mama."

"Nzuri. Inanukia kazi."

Fundi akachomelea, akafunga, akawasha. Sauti ya mwanaume ikatoka kwenye spika, nzito na ya karibu: *Mke wangu, huku kumepoa...* Mama akaweka mkono kifuani. Kisha ukasikika mlio mkali kama wa kofi, moshi ukatoka, Mama akapiga ukelele, mabega yakamtetemeka.

"Ulisema umeipata!" Karani akapaza sauti.

"Niliipata..."

"Ona alivyoshtuka! Si ungeniambia tu huwezi?"

Fundi akachomoa nyaya, akaikumbatia ile amplifaya yenye joto, akatoka nayo. Nyumbani akaifuta ile chipu kwa spiriti. Maandishi yakabaki kwenye pamba.

Siku ya tatu Karani akapiga. Fundi akaitazama simu ikilia mezani hadi ikachoka. Alijua anapiga kulaumu, na alijua lawama ni haki yake. Atapokea siku atakapokuwa na jibu mkononi. Simu ililia wiki nzima, mara asubuhi, mara saa saba. Kisha ikaacha.

Akajifungia na kazi. Alilinganisha chipu moja baada ya nyingine, umeme inaoula, joto linalotoka, mpangilio wa miguu, zile pini zake za chuma. Mwishowe akapata chipu ndugu ya ile ya zamani, yenye nguvu zaidi, inayotengenezwa bado, na akainunua kwa mtu anayemjua. Ilikaa vizuri kwenye matundu yale yale. Akawasha. Kimya. Haikuungua, haikupata joto, haikutoa hata mkwaruzo. Alikesha nayo kichwani siku nne kabla ya kuona: kwenye ile ya zamani mguu wa nane haukuwa na kazi yoyote. Kwenye hii mpya, mguu huo usipopewa umeme, chipu inanyamaza. Akauunganisha kwa kipande kimoja kidogo cha kupunguza umeme. Spika ikavuta pumzi. Fundi akakaa chini sakafuni akalia, kisha akanawa uso akavaa gauni la kijani.

Karani alifungua mlango. Alikuwa amekonda. Nyuma yake sebule ilikuwa na nafasi tupu pale kilipokuwa kiti cha Mama.

"Inaimba," Fundi akasema haraka. "Nimeijaribu mwenyewe. Mama yuko wapi?"

Karani akaitazama amplifaya mikononi mwake. "Tumemzika. Wiki tatu zimepita."

Amplifaya ikamteleza Fundi mikononi. Karani akaipokea ile mashine kabla haijaanguka.

"Nilikupigia," akasema.

"Nilidhani unapiga kunilaumu."

"Alikuwa anakuulizia. Alisema, mwambie yule binti sikushtuka, nilikuwa nacheka. Baba yako naye alikuwa anaunguza kila kitu." Akaiweka vizuri mashine kifuani. "Nilitaka umsikie mwenyewe akisema. Halafu nikachelewa hata kukwambia."

"Hukuchelewa wewe."

Karani hakumbishia. Hakumwambia pia kwamba si kosa lake. Kisha akasogea pembeni Fundi apite.

Wakaiweka amplifaya mahali pake. Karani akatoa kaseti. "Sijawahi kuzisikiliza. Zilikuwa zao. Na peke yangu siwezi."

Wakakaa sakafuni. Sauti ya baba ikaijaza sebule. Alisimulia kuhusu baridi, kuhusu viatu vilivyoisha, kuhusu rafiki anayekoroma; akamwuliza mkewe kama mtoto ameota meno, akanyamaza kidogo kana kwamba anangoja ajibiwe. Karani akafunika uso. Fundi hakumgusa, hakujua kama bado ana ruhusa.

Kaseti ikafika mwisho, kitufe kikaruka. Fundi akainuka, akalivuta begi lake la zana.

"Unakwenda wapi?" Karani akauliza.

"Nyumbani."

Karani akanyoosha mkono, akaushika upindo wa gauni la kijani kwa vidole viwili.

"Kuna upande wa pili," akasema. "Kaa."

Fundi akaigeuza kaseti.