Popo Kwenye Wavu wa Jerusha

Jumamosi asubuhi, huko ughaibuni alikohamia, Jerusha alitoka uani kuchuma tini. Akasimama ghafla. Popo mkubwa alikuwa amenaswa kwenye wavu aliofunikia mti wake kuzuia ndege. Bawa moja lilikuwa limezongwa na nyuzi, naye akilia kama mtoto mchanga.

"Woi, masikini!" Jerusha akasema.

Binti yake, Jepchumba, ambaye yeye humwita Chumba, alikuwa chuo kikuu, mwaka wa pili, akisomea wanyamapori. Wiki iliyopita alituma picha: amemshika popo, anatabasamu. Jerusha aliwaonyesha wenzake wote kule Westmead, kwenye nyumba ya wazee anakofanya kazi.

"Huyu ni wangu," alijigamba. "Wanawapima popo uzito hapo hapo chuoni!"

Basi kama mtoto anaweza, mama atashindwaje? Jerusha akachukua leso, akamfunika popo, akaanza kukata nyuzi kwa makasi. Mara popo akamkwaruza kidole. Jerusha akacheka. Akampigia binti yake simu ya video.

"Chumba! Ona, nami nimeshika wangu!"

Uso wa Jepchumba ukabadilika. "Mama! Mwachilie! Sasa hivi!"

Jerusha akashtuka, akarudi nyuma. "Kwani kuna nini?"

"Hicho kidole kinatoka damu?"

"Ah, amenikwaruza tu. Nitapaka mafuta."

"Mama, hakuna cha 'tu'! Popo wengine wa nchi hii wana virusi. Vina undugu na virusi vya kichaa cha mbwa. Ukishaanza kuugua, hakuna dawa."

 Kichaa cha mbwa Jerusha alikijua. Kule kwao Kericho kilimuua mwalimu wake. Watoto walimsikia akipiga kelele kila alipoletewa maji.

"Lakini huyu si mbwa!" akasema. "Na wewe je? Si ulimshika?"

"Nilichanjwa kwanza. Chuo hakimruhusu asiyechanjwa kumgusa popo. Na nilivaa glavu. Hebu itazame ile picha vizuri."

Jerusha akaifungua picha. Lo! Glavu zilikuwepo, nyeusi, nene, zimefika karibu na viwiko. Wiki nzima hakuziona. Alikuwa akitazama tabasamu la mwanawe.

"Chumba, nitakufa?"

"Hutakufa ukifanya ninavyokuambia. Osha kidole kwa sabuni na maji ya bomba yanayotiririka. Dakika kumi na tano kamili. Kisha nenda hospitali leo leo, usingoje kesho. Popo mwache hapo hapo. Nitawaita waokoaji wa wanyama. Wao wamechanjwa."

Jerusha akasimama kwenye sinki, macho kwenye saa. Dakika kumi na tano ni ndefu, usiambiwe!  Aliosha huku akisali kwa sauti.

Hospitalini muuguzi alikitazama kidole, akatikisa kichwa.

"Umefanya vyema kuja upesi, mama. Mkwaruzo ukiwa mdogo, wengi huudharau. Hata mkwaruzo mdogo sana lazima utibiwe."

Akamchoma sindano ya kinga pale pale kwenye kidole. Jerusha aliruka! Kisha akaanzishiwa chanjo, sindano nne kwa wiki mbili. Alizimaliza zote, hakukosa hata siku moja.

Popo naye alichukuliwa na waokoaji. Walimtibu bawa, na baada ya wiki kadhaa akarudi angani.

Siku hiyo mama na binti walienda dukani, mtaa wa Liverpool mjini kwao, kununua wavu mpya.

"Jaribu kuingiza kidole," Jepchumba akasema. "Kikipenya, matundu ni makubwa. Wanyama watanaswa."

Jerusha akatumia kidole kile kile chenye kovu. Akasukuma. Hakikupenya.

"Huu ndio tunaochukua," akasema.

Jumatatu kazini akaitoa tena ile picha. Wenzake wakacheka. "Tumeshamwona mwanao, Jerusha!"

"Hamjamwona," akajibu. "Hata mimi sikuwa nimemwona. Tazameni kwanza mikono yake."