Pale Bendi Iliponyamaza

Soko la Migori lilikuwa limefurika, na Levis Nchagwa, muuza vitambaa, alikuwa na tepu shingoni na shati lililopigwa pasi likapigika. Mwanamke mmoja akasimama mbele ya kibanda chake. Gauni lake la kitenge lilikuwa zuri, ila pindo lilijaa madoa ya rangi. Hakuuliza bei. Aliivuta marekani, kile kitambaa cheupe cha pamba, akaikaza kwa mikono miwili, akaigonga kwa kidole huku ametega sikio.

"Madam, hiyo ni kitambaa, si ngoma."

"Najua. Nataka ile nzito. Hii inalegea nikipaka rangi."

"Unapaka nini?"

"Muziki."

Levis akacheka. "Na muziki inakaa aje?"

"Nilikuwa najua, kabla dada yangu afariki."

Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayeagiza chumvi. Levis akaacha kucheka, akamkatia marekani nzito kuliko zote alizokuwa nazo, akaomba namba ya simu. Akapewa, bila tabasamu.

Huyo alikuwa Filister, mchoraji wa Homa Bay. Tangu amzike dada yake Achieng, ganzi ilikuwa imemwingia. Hakulia kaburini wala baadaye. Alikula, alifanya kazi, aliwasalimu watu, lakini yote yalimpita kana kwamba yanamhusu jirani.

Levis alipiga simu kila jioni.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula."

"Samaki ilikuwa tamu?"

"Ilikuwa samaki."

"Wewe Filister! Hata redio ya mamangu inaniongelesha vizuri kukushinda."

"Lakini simu yako nashika, Levi. Za wengine naacha zinalia."

Levis aliridhika na hilo, maana aliyependa hula hata makombo. Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Ya Filister yalifichika hata kwake mwenyewe.

Jumapili moja wakakutana Rongo, kwenye bustani ya hoteli, bendi ya benga ikipiga mchana kweupe. Filister aliweka simu mezani ikirekodi, kama ilivyokuwa desturi yake. Sasa, Waluo wana pakruok: mtu huinuka, bendi ikanyamaza, akajisifu au akamsifu ampendaye, kisha muziki ukaendelea. Levis ni Mkuria, lakini alikuwa amefanya mazoezi wiki nzima na wateja wake. Akainua mkono. Magitaa yakanyamaza.

"Filister, nyar nam, jaber!" alisema kwa Kiluo kilichochechemea. Binti wa ziwa, mrembo. "Aheri! Nakupenda! Mimi Levis wa Migori nasema, huyu akiniambia ngoja, nitangoja!"

Watu wakashangilia, bendi ikaanza tena. Filister akamtazama kwa uso mkavu, akachukua simu yake, akainuka na kutoka. Levis alibaki amesimama, masikio yakimwaka kwa aibu.

Jioni hiyo Levis akapiga simu kama kawaida, lakini hakuuliza habari za samaki.

"Filister, nimechoka kupenda ukuta. Nataka kukuoa. Niambie ndiyo ama hapana, nijue."

"Naweka picha kwa hoteli ya Edith, hapa Homa Bay, Jumamosi," Filister akasema. "Jibu iko kwa kitambaa yako. Kuja uone."

Akaipigilia marekani ukutani, akaweka masikioni ule wimbo aliourekodi Rongo. Namna yake ni hii: wimbo unapoanza, mkono unaanza kushoto; unapokwisha, mkono umefika kulia. Kila marudio hufuata chombo kimoja tu. Gitaa la besi alilipaka kwa brashi pana, kahawia. Gitaa la solo akalipitisha juu yake, njano nyembamba yenye kurukaruka. Ngoma akazitilia madoa kwa kitambaa kilicholowa wino. Alifanya yote kwa mazoea, kama mtu anayefua nguo.

Jumamosi Levis alifika kwa pikipiki, akiwa na shati jipya. Akaitambua marekani yake ng'ambo ya ukumbi. Rangi zilikuwa zimeijaa toka pembe hadi pembe, ila karibu na katikati palikuwa na mahali peupe, upana wa viganja viwili, bila hata tone.

"Hapo ameacha tu," Edith, mwenye hoteli, alikuwa akiwaeleza wageni. "Nafikiri rangi ilimuishia."

Levis akapatazama pale peupe. Jibu lilikuwa hilo: kwake hakuna kitu. Akageuka kuondoka.

"Levi, bado hujasoma," Filister akamwita.

"Nimeona. Nimeelewa."

"Hujaelewa. Leta kidole."

Akamshika mkono, akauweka upande wa kushoto kabisa, akawasha simu. Benga ikaanza. Taratibu akausogeza mkono wa Levis pamoja na wimbo, juu ya kahawia, juu ya njano. Muziki ukakatika, na kidole kikawa juu ya kitambaa kitupu. Simu ikasema: *Filister, nyar nam, jaber!*

Levis akauliza, "Mbona hapa hukupaka?"

"Kwingine nilipaka bila kuhisi kitu. Hapa nilitaka kupaka sauti yako, mkono ilikataa. Nilirudia, ikakataa tena."

"Ulihisi nini?"

"Uchungu. Kidogo."

"Uchungu si ndiyo, Filister."

"Ndiyo yenye niko nayo ni hiyo, Levi. Tangu Achieng aende, sijahisi ingine."

Simu ikaendelea: shangwe, bendi, kisha viatu vya mwanamke vikikanyaga changarawe.

"Hapo unaniacha," Levis akasema.

"Hapo natoka. Nilisimama kwa geti nikakungoja mpaka bendi ikafunga vyombo."

Levis akainamisha kichwa. Siku ile, kwa aibu, alikuwa ameondoka akipitia mlango wa jikoni.

"Edith," akaita, "hii haiuzwi."

"Kwani ni yako?" Filister akauliza.

"Kitambaa ni yangu."

"Ulinikatia mwenyewe."

Mdomo wa Filister ulicheza kidogo, upande mmoja tu, na Levis akaona. Filister akaizima simu, akaitia mkobani, akatoka nje bila kuaga mtu. Akasimama getini, akitazama mlango. Levis akamfuata, na safari hii alipitia mlango wa mbele.