Dalisay Akataa Kutia Saini

Kila siku masomo yalipokwisha, Dalisay alipita kibandani kwa mama yake, akala ndizi moja ya kukaanga, kisha akakimbilia chumba cha kompyuta. Huko Marikina, mji wa Ufilipino, mto ukipanda hauna simile. Kwa hiyo wanafunzi wa klabu ya kompyuta walikuwa wakitengeneza huduma ya kuwajulisha watu kwa simu kina cha maji, mvua inayokuja, na makimbilio yaliyo wazi.

Walikuwa na njia mbili za simu kuuliza seva, yaani kompyuta inayotunza taarifa hizo. Katika njia ya Dalisay, kila jambo lilikuwa na anwani yake, hivyo simu iliuliza mara tatu. Katika njia ya Crisanto, kiongozi wa klabu, simu ilituma swali moja lenye orodha yote, ikajibiwa kwa mkupuo.

Alhamisi Crisanto alileta ripoti ya kuzilinganisha. "Saini hapa. Kesho inakwenda kwa mwenyekiti wa mtaa."

Dalisay alisoma. "'Njia ya pili ina kasi mara tatu.' Nani kapima?"

"Nimeitoa mtandaoni. Kila mtu anajua."

"Mimi sijui. Sisaini."

"Acha ubishi wewe! Unaogopa kazi yako itashindwa."

"Kama ni kushindwa, ishindwe nikiona."

Mwalimu Purificacion, mlezi wa klabu, aliinua kichwa kutoka kwenye madaftari. "Dalisay, muda umekwisha. Wenzako wote wamesaini."

"Samahani, Mwalimu. Wao wamesaini, mimi sisaini. Mto ukifurika, bibi yangu ataitegemea huduma hii. Siwezi kumpa namba ya kuokota."

Mwalimu alitazama saa ya ukutani. "Haya. Una hadi kesho saa nne asubuhi."

Walipopima pale shuleni, njia zote mbili zilikwenda sawa. Dalisay hakuridhika. Aliazima simu kuukuu ya bibi yake, akashuka mtoni, ambako mtandao ni wa kubahatisha. Crisanto alimfuata akinung'unika, "Nakuja usije ukapika majibu."

Walijaribu kila njia mara ishirini. Ya Crisanto ilifaulu mara kumi na saba. Ya Dalisay ilifaulu mara tisa tu. Mara nyingine ilikwama kwenye swali la pili au la tatu. Kazi ya mwezi mzima!

Crisanto alicheka. "Umegoma muda wote huo ili ushindwe?"

"Nimegoma ili tujue. Andika: shuleni hakuna tofauti. Mtoni, yangu imeshindwa."

Kicheko kilimwishia Crisanto. Alichukua kalamu, akaikata mwenyewe ile sentensi ya "mara tatu."

Asubuhi Dalisay alisaini kwa herufi kubwa. Mwalimu Purificacion alisoma ripoti mpya, akawaita wote.

"Crisanto, njia yako ni bora mtoni, lakini jana hukuwa unajua hivyo, ulikuwa unabahatisha. Nami nilikosea kumharakisha Dalisay. Anayetia saini jambo asilolijua amedanganya, hata likija kuwa kweli. Mwenzenu alisimama peke yake kuutetea ukweli, na ulipomgeukia, hakuukimbia."