Gauni la Maganda ya Balungi

Kila alasiri akitoka shule, Noemi alikaa barazani na babu yake wakimenya mabalungi. Maganda waliyaanika, wakayasaga, kisha Noemi akayabandika kwa gundi kwenye gauni lake la gwaride. Huko Mission, Texas, gauni la sherehe ya machungwa na mabalungi lisilofunikwa kwa matunda yenyewe halitazamwi na waamuzi, na mwaka huu Noemi alitaka kushinda. Hata darasani alikuwa haketi akatulia.

Nyama ya matunda ilibaki bakulini. Babu Anselmo, mkulima wa mabalungi tangu ujana, hakuweza kuona tunda likitupwa. Alikamua juisi, akanywa.

"Babu, si daktari alikukataza?"

"Alikataza kula. Mimi nakunywa," Babu akacheka. "Na usinichongee kwa mama yako."

"Nikikuchongea?"

"Utamenya peke yako."

Noemi akacheka, akaendelea kumenya. Babu alikuwa na saratani ya damu, ile inayokwenda polepole. Kidonge cha kila siku kilikuwa kimeituliza, hata akarudi shambani. Juisi ingemfanya nini?

Haukupita muda, macho ya Babu yakavimba, misuli ya miguu ikawa inamkaza, chakula kikawa hakikai tumboni. Asubuhi ya kwenda kliniki alisukuma kopo la vidonge.

"Dawa hii ndiyo inaniua. Namwambia daktari leo, siimezi tena."

"Baba, ukiacha ugonjwa utarudi," Mama akasema.

Noemi aliwafuata hadi kliniki. Mbele ya Daktari Villarreal, Babu alipofungua mdomo tu, yeye akamtangulia.

"Si dawa, daktari. Ni juisi ya balungi. Anakunywa kila siku. Nilijua, nikanyamaza."

"Mchongezi mkubwa," Babu akanong'ona, lakini macho yake yalikuwa chini.

"Afadhali umesema," daktari akamwambia Noemi. "Mwili huivunja dawa hii kidogo kidogo. Balungi huzuia kazi hiyo, dawa ikazidi kwenye damu. Mzee Anselmo, juisi basi. Nitakupima, nikuelekeze namna ya kumeza. Usiache kwa uamuzi wako."

Majibu yalipotoka, daktari alitabasamu: ugonjwa ulikuwa umeshuka hata kipimo kiliuona kwa shida. Mama alimkumbatia baba yake mpaka mzee akalalamika kwamba anavunjwa mbavu.

Siku ya gwaride uvimbe ulikuwa umekwisha. Noemi alipata nafasi ya pili, na Babu alipiga makofi kuliko mama wa aliyeshinda. Wakiwa njiani kurudi, Mama akamgeukia Noemi.

"Babu yako nusura aitupe dawa inayomweka hai, kwa siri mliyoichekea. Mtu akikuambia usiseme, jiulize kwanza nani ataumia ukinyamaza."

"Hata kama mtu huyo ni babu yake?" Babu akauliza.

"Akiwa baba yangu," Mama akajibu, "Noemi aje aniambie mbio."